Mikinduri baada ya vuli: kutembea msituni wakati wa maua

Mtu wa Pwani akitajiwa Maua, mji wa kule Meru, hafikirii maua. Anafikiria veve: gari limechelewa, bei imepanda, mzigo umenyauka. Hiyo ndiyo Meru tunayoijua, ile inayotufikia Mombasa, Malindi na Lamu ikiwa imefungwa kwa majani ya migomba. Mimi nina wakwe upande wa Mikinduri, si mbali na huo mji wa Maua, na kila nikienda kuwaamkua wakati wa vuli huchukua siku moja kutembea msituni kutazama maua ya kweli, haya ya kunusa. Vijana wa mtaani wamenisikia nikisimulia, na sasa wanataka kwenda. Wananiuliza ni lini, wavae nini, na kuna nini cha kuona huko ambacho hakipo Shimba Hills. Nitawajibu hapa ili nisirudie kwa kila mmoja. Lakini nitaeleza pia kwa nini naona msitu ule unatuhusu sisi watu wa bahari kuliko tunavyodhani, maana hilo hawakuniuliza.

Kwanza jina. Msiudhanie huu mkindu wetu wa kutoa ukindu wa mikeka. Mukinduri kwa watu wa Mlima Kenya ni mti mwingine, mrefu, wenye kichwa kipana kilichotandaa kama mwavuli, ambao wataalamu wa mimea huuita Croton megalocarpus. Mmoja ni mukinduri, mingi ni mikinduri. Maua yake ni meupe yanayoelekea manjano, hutoka baada ya mvua kubwa na hayakai. Ukifika siku yenyewe unasikia nyuki juu ya kichwa chako kabla hujaona chochote. Ukichelewa kidogo umeyakosa, unakuta yamelala chini.

Hapo ndipo swali la lini linapoanzia. Wazungu wana majira yao ya kuchipua: baridi inaisha, siku zinarefuka, na mimea iliyokuwa imelala inaamka kwa pamoja. Mikinduri iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, usiku na mchana ni karibu sawa mwaka mzima, na jua halimwamshi mtu yeyote. Kinachoamsha maua ni mvua. Na hapa mtu wa Pwani lazima ageuze kalenda yake. Kwetu masika ndiyo mvua yenyewe, vuli ni nyongeza, mwaka mwingine inapita bila kujaza hata pipa. Kule upande wa mashariki wa Mlima Kenya na Nyambene, hasa sehemu za chini, wakulima huitegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Disemba kuliko ile ya Machi hadi Mei. Ukienda Aprili utaona maua, lakini ukiniuliza mimi nitakwambia nenda katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Disemba.

Usiende na mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza inatoa mimea yenye vitunguu ardhini tu, ambayo imejiwekea akiba yake tangu msimu uliopita na inangoja udongo ulowe. Ile mingine, ya mbegu na ya mizizi midogo, inahitaji wiki tatu nne kukua kabla ya kuchanua. Ukifika kati ya hizo mbili unaona zote: vya kitunguu vinamalizia, vya mbegu vinaanza.

Maji yanayotoka kwetu na kurudi kwetu

Mvua hiyo inatoka wapi? Inatoka huku. Pepo za Bahari ya Hindi hubeba unyevu kwenda bara, na zikifika Nyambene hazina pa kupita ila kupanda. Nyambene ni safu ya milima iliyotokana na volkano, na kilele chake ni kama mita 2,500 juu ya bahari. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa haiwezi tena kushika mvuke wote iliobeba, na mvuke unageuka mawingu kisha mvua. Ndiyo sababu miteremko inayotazama bahari ni ya kijani kibichi, na ukivuka mgongo wa mlima kuelekea Isiolo unakuta miiba na vumbi. Ni milima ile ile, ila upande mmoja umepewa na mwingine umenyimwa.

Kisha maji yanarudi. Mito inayoanzia Nyambene, kama Ura na Rojewero, hushuka hadi nyanda za Mbuga ya Taifa ya Meru na kuingia mto Tana. Na Tana unaishia wapi, mtoto yeyote wa Kipini atakuonyesha kwa kidole.

Kuna jambo moja hapa ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mabwawa matano makubwa ya umeme ya mto Tana, Kindaruma la mwaka 1968 likiwa la kwanza na Kiambere la 1988 likiwa la mwisho, yote yako upande wa juu, kabla ya mahali mito ya Nyambene inapoingia. Maana yake ni kwamba maji ya Nyambene, pamoja na yale ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, hayafungiwi na bwawa hata moja kati ya hayo. Yanateremka kwa majira yake. Ndugu zetu Wapokomo wamelima kwa majira hayo vizazi na vizazi: mto unafurika, unaacha rutuba kando, mpunga na migomba inapandwa. Delta ya Tana iliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na uhai wake wote unategemea mto uje kwa nguvu na kwa wakati. Mto ukipungua nguvu, bahari haingoji kualikwa. Muulizeni mtu wa Ozi habari za maji ya chumvi yaliyopanda mtoni na kuingia mashambani, mpaka miembe ikakauka imesimama.

Sasa msitu unaingia vipi? Mvua ya Nyambene ikianguka juu ya msitu hupigwa kwanza na majani ya juu, ikadondokea majani ya kati, ikafika chini imepoa hasira. Chini kuna zulia la majani yaliyooza na mizizi iliyosukana, linanyonya maji na kuyatoa pole pole, wiki baada ya wiki, hata mvua ikiwa imekatika. Ondoa msitu, mvua ile ile inashuka kwa siku moja na udongo wake, halafu mto unabaki mchanga. Nimeona kwa macho yangu vijito viwili visivyopishana hata mwendo wa robo saa. Kimoja kinatoka msituni, unaona kokoto chini yake. Kingine kinapita kando ya mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni, ni rangi ya chai ya maziwa. Yale maua ninayowaambia mkayatazame yanaishi juu ya zulia hilo hilo. Ukiyaona yamejaa, ujue zulia bado lipo.

Njia yenyewe

Njia niliyoizoea ni ya mzunguko, yaani unaingilia mahali pamoja na kutokea karibu na pale pale bila kurudi juu ya nyayo zako. Haina kibao wala alama za rangi kwenye miti. Si ngumu, lakini si Mama Ngina Drive pia. Kuna mpando mmoja wa kukutoa jasho, kuna mteremko wa utelezi, kilichobaki ni mwendo wa kawaida. Mimi na kusimama kwangu kila ua hutumia saa nne. Kijana asiyetazama kitu angemaliza kwa saa mbili na nusu, na sijui angekuwa amekwenda kufanya nini.

Unaanzia kwenye mashamba: migomba, viazi vikuu, mahindi, na miraa iliyozeeka yenye mashina yaliyopinda. Juu zaidi kuna chai. Njia za mashambani tayari zina maua, na hapa lazima niwaonye, kwa sababu wageni wengi hupiga picha zao zote hapa wakadhani wamemaliza. Yale maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti ni tithonia, asili yake Mexico. Vile vichaka vyenye vishada vya pinki na manjano kwa pamoja ni lantana, nayo imetoka Amerika. Ni mazuri, sikatai. Ila lantana ikiingia msituni hufunga njia, hufunika mimea midogo, na hakuna kinachoota chini yake. Wenyeji wanaipiga vita kwa panga kila mwaka. Kwa hiyo weka simu mfukoni, panda.

Ukingoni mwa msitu utaona mmea unaotambaa juu ya vichaka, ua lake la rangi ya chungwa lenye kitovu cheusi tititi kama jicho. Hiyo ni Thunbergia, mwenyeji halisi wa Afrika Mashariki, ambayo watu wa nje wanaipanda kwenye bustani zao kwa fahari. Chini kwenye nyasi kuna ua dogo la buluu lenye petali mbili zilizosimama kama masikio. Hilo linaitwa Commelina, na ni ua la asubuhi, jua likipanda linajikunja na kuisha. Anayechelewa kuamka halioni.

Ndani ya msitu mwanga unabadilika ghafla na joto linashuka. Utakutana na muuru, mti wa fahari wa Wameru, Vitex keniensis, ambao mbao zake zinapendwa mpaka zimeuponza. Miti mikubwa ya aina hiyo imepungua kwa kukatwa, na ukimkuta mmoja mzee simama umtazame. Hapo ndipo pia macho yanapopaswa kupanda juu. Kwenye matawi yenye ukungu wa kijani kuna okidi. Watu hudhani okidi inanyonya mti kama kupe anavyomnyonya ng'ombe. Sivyo. Imekaa tu juu ya tawi kama mpangaji mwenye jiko lake mwenyewe, inakula unyevu wa hewa na takataka za majani zilizokwama kwenye mizizi yake. Baadhi yake zina maua meupe yasiyonukia mchana, harufu yao hutoka usiku, kwa ajili ya nondo.

Kwenye vijito, penye kivuli na matope, ndiko kuna maua ninayoyapenda kuliko yote, Impatiens, ya pinki na meupe, laini kama karatasi ya sigara. Tunda lake likiiva ukaligusa kwa ncha ya kidole linapasuka na kurusha mbegu. Watoto hawatatoka hapo. Waacheni, mbegu kurushwa ndilo jambo linalotakiwa.

Halafu kuna lile jekundu. Shina moja bila majani, na juu yake mpira mwekundu wa mamia ya nyuzi, mkubwa kama chungwa au zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus, na hata huku kwetu Arabuko-Sokoke lipo, linatoka mvua zikianza. Safari yangu ya kwanza nilipiga goti kulitazama kwa karibu, na mzee aliyekuwa akituongoza akanigusa bega.

"Mkwe, hilo usilichimbe."

"Silichimbi, mzee, natazama tu. Kwani lina nini?"

"Kitunguu chake kimeniulia mbuzi. Wawili."

Ni kweli lina sumu, na si peke yake. Gloriosa, lile ua la petali zilizopinda juu kama ndimi za moto, nyekundu na manjano, linalopanda kwa ncha za majani yake, lina sumu kila sehemu, na kiazi chake ndicho kibaya zaidi. Hilo pia lipo Pwani. Wazazi, waambieni watoto mapema.

Ruhusa na heshima

Msitu wa serikali hauingiwi kama uwanja wa mpira. Uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya, na unapita kwanza kituo cha misitu, unaeleza nia yako, unalipa kinachotakiwa kwa njia ya eCitizen, unapewa au unatafutiwa mtu wa kukuongoza. Mara nyingi waongozaji wanatoka katika vyama vya jamii vya misitu, ambavyo sheria inavitambua. Mlipeni vizuri. Msibishane naye bei kama mnanunua papa sokoni, kwa sababu huyo ndiye anayejua mahali siafu wamekata njia, na ndiye anayejua kama kuna ndovu aliyepita jana.

Na msichume. Katika sheria zetu za misitu neno "mazao ya msitu" halina maana ya mbao na makaa tu. Maua yamo, majani yamo, asali imo, hata udongo na mawe yamo. Kutoa bila ruhusa ni kosa. Lakini kabla ya sheria kuna adabu. Wameru wana baraza lao la wazee, Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, na kuna mahali pa miti huko ambapo wazee wanapaheshimu na mgeni hakati hata kijiti. Sisi jambo hili si geni kwetu. Kaya za Wamijikenda zilisalia na miti yake kwa miiko hiyo hiyo kabla UNESCO haijaziandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Aliyewahi kufungwa kaniki kiunoni ili aingie Kaya Kinondo anajua ninachosema. Ukiambiwa "hapa hatupiti", usiulize mara mbili.

Mambo ya mwili

Kutoka Mombasa shika treni au basi hadi Nairobi, kisha basi la Meru, halafu matatu ya Mikinduri. Usijaribu kutembea siku uliyofika. Lala.

Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Novemba mtu wa Old Town atatetemeka. Beba sweta na koti la mvua. Pumzi itakuwa fupi kwenye mpando, hiyo ni kawaida, punguza mwendo tu. Viatu viwe vya soli yenye meno. Udongo wa volkano ukilowa ni sabuni, na ndara zimewaangusha watu wazima mbele yangu. Suruali ndefu, soksi juu yake, kwa ajili ya siafu na thabai, mmea unaowasha kama upupu. Akina mama wanaovaa buibui wasiogope, mke wangu hutembea na lake, hulikunja pindo akalifunga kiunoni na suruali ndani.

Anzeni saa moja asubuhi. Kwanza kwa ajili ya yale maua ya buluu, pili kwa sababu mvua ya msimu huo hupenda kuja alasiri, na mteremko wa mwisho haufai kuteremkwa kwenye mvua. Mkitoka mapema mnakuwa nje ya msitu kabla ya adhuhuri. Msikiti hauko kila kona kama kwetu, kwa hiyo bebeni mkeka mdogo. Kibla kutoka huko ni kaskazini, ikiinama kidogo sana mashariki. Chakula bebeni chenu: mahamri ya jana yanavumilia, mbaazi za nazi hazivumilii. Mfuko wa plastiki msiingie nao. Simu hupoteza mtandao katika mabonde, kwa hiyo aliyebaki nyumbani aambiwe saa ya kurudi.

Asiye na nauli ya Meru asikae akisikitika. Kwenye miamba ya Cha Simba, huko Kaloleni, kuna ua la zambarau ambalo jamaa zake wamejaa madirishani Ulaya nzima. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Tanga, Baron von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani maua ya aina hiyo kutoka upande wa Usambara, mwaka uliofuata yakapewa jina lake, Saintpaulia, na tangu hapo yanauzwa kwenye vyungu dunia nzima. La kwetu limebaki kwenye miamba michache, na kila mti wa kivuli ukikatwa juu yake linakauka. Nimekutana na walimu wa Kilifi waliowapeleka watoto Nairobi kuona maduka, na hawajawahi kuwapeleka kuona ua hilo. Hilo linanikera, nalisema wazi.

Kwa hao vijana wangu wa Novemba: msizidi watu kumi, na spika ya muziki ibaki nyumbani. Osheni viatu kabla ya kuondoka hapa, na muvioshe tena Mikinduri kabla ya kupanda gari, mpaka ndani ya meno ya soli. Mbegu za magugu husafiri kwenye matope, na hatutaki kuwapelekea yetu wala kuleta yao.